Kiboksi changu cha JavaScript kilivyompa Kulwa wa Sengerema majibu ya Kulwa wa Buswelu

Wakuu, habari za mihangaiko. Mlioko ofisini mnaojifanya mnasoma email, nawaona. Mliolala chali na simu juu ya uso, isiwadondokee.

Wengi mnanijua kwenye jukwaa la vichekesho. Leo sichekeshi sana. Hii habari hata mke wangu anaijua nusu. Nikiongeza chumvi hapa nisionje tena sato mpaka nazikwa, na mimi mtu wa Mwanza, mnajua hicho ni kiapo kizito.

Elimu yangu darasa la saba. Walimu wa sarufi wapite kwa amani.

Ilikuwa miaka ya tisini inaelekea kuisha. Ruksa kila kitu. Viwanda vya minofu ya sangara vinafunguliwa, mitumba imejaa mpaka njiani, na madaktari nao wameruhusiwa kuwa na dispensari zao binafsi.

Mmoja alifungua yake pale mjini, nyumba ya vyumba vinne kwenye njia ya kwenda Butimba. Jina lake nalitunza, humu nitamwita Daktari tu. Alikuwa mtu wa Kilimanjaro, mkali kidogo, lakini mtu mzuri.

Mimi nilianza pale kama mpiga deki. Nina miaka ishirini na mbili, mdomo mrefu kuliko fagio lenyewe. Dada wa mapokezi alipoolewa akahamia Tabora, Daktari akaniambia, "Wewe unaongea sana, kaa hapo uongee na wagonjwa."

Ndiyo nikapanda cheo. Kazi yangu ikawa kuandikisha wagonjwa, kutunza kabati la mafaili, na kumpelekea Daktari faili la anayeingia.

Sasa kompyuta.

Ilikuja na kontena la vitanda vya msaada kutoka Ulaya. Iko kama jiwe, nyeupe iliyogeuka njano. Pamoja nayo printa ya utepe, ile inayolia kama mashine ya kusaga mahindi na kutoa herufi za vidoti vidoti.

Pale mjini kulikuwa na Mzungu mmoja wa kujitolea, kijana wa rika langu. Alikuwa anapita mara mbili kwa wiki kuitengeneza. Mimi nikawa namshikia bisibisi na kumuuliza maswali mpaka anachoka.

Yeye ndiye alinionyesha kurasa za browser na hiyo JavaScript. Kipindi kile ilikuwa bado changa kabisa. Alipoondoka kurudi kwao akaniachia kitabu chake.

Kabla hujauliza: hapana, hakukuwa na internet. Ukurasa unafunguliwa kutoka humo humo ndani ya kompyuta, hauhitaji waya wa mtu.

Na Kiingereza? Changu kilikuwa kile cha this is a pen. Lakini code ina maneno machache sana wakuu. If, else, for, return. Nikasema, mbona haya ni machache kuliko matusi ninayoyajua? Nikayameza.

Sasa dispensari ilikuwa na shida moja.

Kipindi kile makanisa mengi hayafungishi ndoa mpaka wachumba walete cheti cha damu. Ukimwi ulikuwa unapukutisha watu, kila mtaa una turubai la msiba. Wachungaji walikuwa wanataka cheti, waajiri nao wanataka vyeti vyao vya afya.

Na walikuwa wanataka cha kompyuta. Cha kuandikwa kwa mkono wanakigeuza geuza kama noti ya bandia. Karatasi yenye vidoti ilikuwa na heshima, hata ingekuwa imeandikwa uongo.

Kumbukeni hilo neno.

Mtu wa maabara alikuwa Mzee Kamugisha. Mhaya wa Bukoba, mstaafu wa hospitali ya serikali, anavaa tai mpaka Jumamosi. Alikuwa na daftari lake kubwa la jalada gumu, kila mgonjwa anamwandika kwa kalamu: jina, anakotoka, jina la mama yake, na majibu.

Jina la mama. Nilikuwa namcheka sana kwa hilo.

"Mzee, mama wa mtu anaingiaje kwenye mkojo wake?"

"Kijana, wewe endelea kupiga deki."

Daktari akaamuru vyeti vyote vichapwe kwenye kompyuta. Mzee wa watu akawa anachapa kwa kidole kimoja, anaitafuta herufi K kama anatafuta sindano kwenye pamba. Cheti kimoja dakika kumi. Foleni inafika barabarani.

Hapo ndipo nikajiona mimi ndiye mkombozi.

Nikatengeneza ukurasa wenye kiboksi cha kuandikia jina. Ukianza kuandika, chini yake inatokea orodha ya majina yanayoanza na herufi hizo. Unachagua, na jina linajimalizia lenyewe, pamoja na namba ya faili na mahali anakotoka. Mzee kazi yake inabaki kuandika majibu na kuchapa.

Leo hii kila simu inafanya hivyo, unaandika "nak" inakuletea "nakupenda". Wakati ule pale Mwanza, kwa macho yangu, ilikuwa uchawi.

Majina yenyewe nilikuwa nayaandika kwenye faili moja la array, yaani orodha ya ndani ya code. Kila mgonjwa mpya akija namwongeza mwishoni kwa mkono. Umeme wa mgao ukikatika kabla sijasevu, naanza upya huku natukana kimoyomoyo.

Toleo la kwanza lilifanya kazi vizuri. Foleni ikapungua. Wagonjwa wakawa wananiita Fundi. Mimi wa kupiga deki! Nikaanza kutembea na kalamu sikioni.

Daktari akaja kuangalia. Akakaa, akaandika K, U, L.

Orodha ikatoka: Kulwa Joseph, Kulwa Masanja, Kulwa Masanja, Kulwa Shija.

Akaniangalia juu ya miwani. "Huyu Kulwa Masanja mbona ametokea mara mbili?"

"Sijui Daktari, labda nimemwandika mara mbili."

"Unajaza uchafu. Ondoa marudio yote. Na likibaki jina moja, lijijaze lenyewe, huyu mzee asisumbuke kuchagua."

Wakuu, naomba mnielewe hapa, maana uzi wote umening'inia hapa.

Daktari ni mtu wa Kilimanjaro, asingejua. Mimi ni Msukuma. Nimezaliwa Magu, nimekula michembe ya viazi mpaka nimeota meno ya pili. Nina binamu watatu wanaitwa Kulwa.

Kwetu mapacha wakizaliwa, anayetangulia ni Kulwa, anayefuata ni Doto. Haijadiliwi. Na akina Masanja usukumani wamejaa kama dagaa. Kulwa Masanja ukimwita kwa sauti mnadani wanageuka watu sita.

Nilikuwa najua hayo yote. Ila siku ile nilikuwa Fundi.

Nikaandika loop ya kupitia orodha. Ikikuta majina mawili yanafanana, inabakiza la mwisho na kulitupa la kwanza. Mistari minne tu. Nilipomaliza, orodha ikawa safi kama sahani ya msibani.

Daktari akaandika tena K, U, L, W, A, nafasi, M. Kiboksi kikajijaza chenyewe: Kulwa Masanja, faili 312, Sengerema.

Akapiga makofi. Kweli kabisa, akapiga makofi.

Mzee Kamugisha alikuwa amesimama mlangoni na daftari lake kwapani. Akasema taratibu, "Hii mashine yako kijana, inajibu kabla haijaulizwa."

Nikamjibu, "Mzee, wewe una wivu na mashine."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka, akarudi maabara.

Sasa huyu wa 312 alikuwa nani.

Kulwa wa Sengerema alikuwa binti wa miaka kama ishirini, fundi cherehani. Siku moja kabla ya yale makofi alikuwa amevuka na kivuko kuja kupima damu kwa ajili ya ndoa. Mchungaji wao alikuwa anasubiri cheti, mahari imeshapelekwa, ng'ombe wako zizini kwa baba yake.

Mcheshi balaa. Nilivyomwandikisha nikamtania, "Dada, huyo bwana anakuoa wewe au cherehani?"

"Anaoa cherehani, mimi nimewekwa juu kama kitambaa."

Nikacheka mpaka nikakosea kuandika. Akaniuliza, "Na wewe kaka wa tivii, hiyo tivii yako inaonyesha mpira?" Alikuwa anamaanisha kompyuta.

Siku ile ile, asubuhi hiyo hiyo, alikuja Kulwa Masanja mwingine. Faili 88, wa Buswelu. Huyo alikuwa mgonjwa wetu wa zamani. Mwanamke mkimya, mtoto mgongoni, kikohozi kisichoisha. Daktari alimwandikia vipimo kadhaa, na hicho cha ukimwi kikiwemo.

Damu za wote wawili zikaenda kwa Mzee Kamugisha.

Mzee akapima. Akaandika kwenye daftari lake kwa kalamu. Halafu akaja kwenye kompyuta kuchapa vyeti kama alivyoamriwa.

Akaandika Kulwa M. Kikajijaza. Akaandika majibu, akachapa. Akarudia kwa wa pili. Kikajijaza. Akachapa.

Mara zote mbili jina lilikuwa sahihi. Hilo ndilo tatizo lenyewe, jina lilikuwa sahihi. Namba na mahali vimeandikwa kwa vidoti vidogo pembeni, na Mzee macho yake ya kusomea yalikuwa yamechoka.

Vyeti vikaja kwangu ili nivitie kwenye mafaili.

Nikakuta viwili. Kulwa Masanja, 312, Sengerema: hana. Kulwa Masanja, 312, Sengerema: anao.

Nilisimama pale na karatasi mkononi, naapa nilisimama. Nikajua kuna kitu hakijakaa sawa.

Maabara ilikuwa hatua kumi kutoka nilipo. Nilichotakiwa kufanya ni kwenda kuuliza, "Mzee, hivi mbona viwili?"

Sikwenda.

Nikienda, Mzee atasema ile mashine yako. Mbele ya wagonjwa. Na mimi nimemwambia juzi tu kwamba ana wivu.

Nikajipa jibu mwenyewe. Nikasema mzee wa kidole kimoja amekosea cha kwanza, akachapa cha pili kurekebisha. Cha pili ndicho chenye neno la mwisho.

Cha pili kilisema anao.

Cha kwanza nikakichana. Vipande nikavitia kwenye ndoo ya takataka, na kwa kuwa mimi ndiye mpiga deki wa zamani, ndoo nikaimwaga mwenyewe.

Kulwa wa Sengerema alirudi siku ya miadi. Alikuwa amesuka, ana gauni aliloshona mwenyewe. Nikampeleka kwa Daktari na faili lake.

Alikaa ndani muda mrefu.

Alipotoka, alitembea kama mtu anayevuka maji asiyojua kina chake. Akasimama kwenye meza yangu. Bahasha mkononi.

"Kaka," akaniambia, "hiyo mashine yako huwa haikosei?"

Mimi na mdomo wangu.

Nikamwambia, "Mashine haikosei dada. Anayekosea ni binadamu."

Akaitikia kwa kichwa. Akaniambia asante. Akatoka.

Nimefiwa na wazazi wote wawili wakuu. Hakuna maneno ya msibani yanayonirudia kama hiyo asante.

Yule wa Buswelu naye alikuja keshokutwa yake, mtoto yuko mgongoni anacheza na kamba ya mlango. Nikafungua faili 88. Hamna cheti.

Nikamwambia, "Mama, majibu bado. Rudi wiki ijayo."

Hakurudi.

Zikapita kama wiki tano. Nikaamua ku-update tena kiboksi, toleo la tatu. Safari hii nataka kionyeshe na tarehe ya mwisho mgonjwa alipofika. Ikabidi nipitie kabati zima, faili moja moja, nilinganishe na orodha yangu.

Nikafika 88. Kulwa Masanja, Buswelu.

Nikaangalia kwenye array. Hayupo.

Nikasema labda umeme ulikatika sijasevu. Nikatafuta nakala ya toleo la kwanza kwenye disketi. Nikamkuta yupo. Yupo na mwenzake, mmoja 88 na mmoja 312.

Nikaacha mashine inawaka.

Nikainuka, nikaenda zile hatua kumi.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba. Leo una adabu, umeumwa na nini?"

"Naomba daftari lako."

Alinitazama usoni akaacha utani. Akalifungua mwenyewe, akalamba kidole, akarudi nyuma kurasa kadhaa. Wote wawili walikuwa pale kwa kalamu ya bluu.

Kulwa Masanja, Sengerema, mama Milembe: hana.

Kulwa Masanja, Buswelu, mama Kabula: anao.

Mzee akasoma. Akasoma tena. Akaniuliza, "Ulimpa yupi karatasi gani?"

Nikamweleza yote. Na ile ya kuchana nikaisema.

Nilitegemea atanitukana. Alivua miwani, akaifuta kwa tai yake kwa muda mrefu sana, akasema, "Na mimi sikusoma namba." Basi.

Tukaenda kwa Daktari. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Funga mlango." La pili, "Nani mwingine anajua?" Halafu akakaa, akashika kichwa, akawa mtu tena. Akachapa barua ya kuomba radhi, akapiga muhuri, akatutuma sote wawili Sengerema.

Tulivuka na kivuko cha asubuhi. Mzee ameshika daftari kifuani kama mtu aliyebeba mtoto. Mimi kukaa kimya safari nzima, jueni hali ilikuwa mbaya.

Kwa kina Kulwa tulipokelewa na mtu aliyenitisha, maana alikuwa ni Kulwa mwenyewe, ila uso wa hasira. Kumbe ni Doto, pacha wake.

"Mnatoka wapi?"

Mzee akasema tunatoka dispensari ya Mwanza.

"Ile iliyompima dada yangu? Mmekuja kuchukua nini tena? Ng'ombe wameshachukuliwa."

Akatusimulia tukiwa tumesimama hapo hapo uani. Kulwa alifika kutoka Mwanza akampelekea mchungaji ile bahasha kwa mikono yake mwenyewe. Angeweza kuichana akasema imepotea, lakini aliulizwa, na yeye hajui kusema uongo. Jumapili mbili baadaye ndoa yao ikarukwa kwenye matangazo, na watu wakajua. Mchumba hakuja hata kuaga. Wajomba zake ndio walikuja, wakaswaga ng'ombe wao. Wakati tunasimama pale, ng'ombe hao walikuwa tayari kwenye zizi la watu wengine huko Geita, na harusi ya huyo mchumba na binti mwingine imeshaliwa.

Wateja wa cherehani nao walikuja mmoja mmoja kuchukua vitambaa vyao. Hata vilivyokuwa nusu.

"Wanaogopa sindano," Doto akasema. "Wanasema akijichoma, damu inaingia kwenye nguo."

Kulwa alikuwa nyuma ya nyumba, kwenye kibanda kilichokuwa cha mbuzi. Baba yake alimhamishia huko. Mlangoni kuna sahani na kikombe vimefungwa uzi mwekundu ili visichanganywe na vya watu.

Uzi wenyewe ni wa cherehani yake.

Alikuwa amekonda mno. Damu yake safi kabisa, lakini amekonda kama mgonjwa kweli. Hofu inakula mtu wakuu, msisikie.

Mzee Kamugisha akachuchumaa, na tai yake, kwenye vumbi la mbuzi. Akamwambia, "Mwanangu, wewe huumwi. Tulikukosea."

Nikamnyooshea Kulwa barua ya Daktari. Akaipokea, akazitazama zile herufi.

"Hii si imetoka kwenye mashine ile ile?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Wewe uliniambia haikosei."

Nina majibu ya kila kitu mimi. Nimewahi kumjibu askari nikiwa chini ya ulinzi. Pale sikuwa na hata neno la kuomba maji.

Alinirudishia barua bila hata kuimaliza.

Mzee akafungua daftari, akaliweka kwenye magoti yake, akamwonyesha mstari. Kulwa akasoma kwa kidole. Jina lake alilipita. Sengerema akaipita. Kidole kikafika kwenye Milembe kikasimama.

"Huyu ni mama," akasema.

Hapo ndipo akalia. Na Doto akalia. Mama Milembe mwenyewe alikuwa amefariki tangu hao mapacha wakiwa wadogo.

Mzee akamtoa damu upya, akaenda kuipima, na kesho yake akarudi peke yake na jibu aliloliandika kwa mkono. Lilikuwa lile lile la daftari: hana. Kulwa alilikubali. Ila alimuuliza Mzee jambo moja, na Mzee akaja kuniambia kama lilivyo:

"Mimi umeniandikia. Na hawa waliochukua vitambaa vyao, utawaandikia wote?"

Huyo ni Kulwa mmoja.

Turudi kwa yule wa pili.

Buswelu ya wakati ule ilikuwa mashamba na nyumba mbili tatu. Kwenye faili 88 nilikuwa nimeandika anakoishi kwa maneno haya: karibu na mashine ya kusaga. Nikaenda mwenyewe. Nikafika mashineni nikasalimia, mwangaluka, nikasema namtafuta Kulwa Masanja.

Mwenye mashine akaita kwa sauti. Wakatoka wanawake watatu.

Watatu wakuu. Wananitazama na unga usoni. Siku nyingine ningevunjika mbavu.

Hakuna aliyekuwa yeye. Nikauliza mwenye mtoto mdogo, mwenye kikohozi. Mmoja akasema, "Huyo alikuwa amepanga kule nyuma. Alihama. Nasikia ameenda visiwani kwenye dagaa." Kisiwa gani? Hajui. Yule mama hakuaga, maana hakuwa na wa kumuaga.

Nilienda makambi mawili ya wavuvi. Mzee naye akauliza watu wake wa maabara kila alikojua. Kila tulipotaja jina tulipata Kulwa, tena wengi tu. Yeye hatukumpata.

Alienda na mtoto ananyonya, akiamini majibu bado.

Dawa kipindi kile hazikuwepo za kumpa, najua. Mtu ameshaanza kuandika hilo kwenye comment, acha. Lakini angejua. Angeamua mwenyewe kuhusu mtoto wake, angekwenda kwa mama yake, angefanya chochote anachofanya mtu anayejua. Mimi nilimnyima hata hilo, kwa mistari minne na kwa kuogopa kuchekwa na mzee mwenye tai.

Ile loop niliifuta siku niliyorudi kutoka Buswelu. Toleo la tatu likawa na kiboksi cha pili, cha jina la mama, na hakuna kitu kinachojijaza mpaka mtu aulizwe na ajibu kwa mdomo wake. Daktari hakupiga makofi. Foleni ikarudi barabarani na hakuna aliyelalamika.

Kulwa wa Sengerema aliondoka kwao na Doto wake, nasikia wakaenda kushona Shinyanga, mji ambao hakuna anayewajua. Mzee Kamugisha ametangulia mbele ya haki. Daftari lile aliniachia mimi. Ninalo hapa mezani, limeliwa na mende pembeni, ila ukurasa ule bado.

Mimi hizi kazi za code ndizo zimenisomeshea watoto mpaka leo. Vijana ninaofanya nao kazi huwa wananiuliza, bro, hii orodha ina majina yanajirudia, tusafishe? Nawaambia hapana. Kwanza nenda kaulize kama ni mtu mmoja. Wanadhani nina uzee. Waache wadhani.

Somo mnaliona wenyewe. Mimi ningelijifunza kwa hatua kumi tu siku ile.

Karibuni mchangie, na mwenye kunitukana anitukane, nimejiandaa. Ila kuna mtu mmoja nimemwandikia huu uzi, na sijui kama yupo.

Kama uliwahi kubebwa mgongoni na mama aitwaye Kulwa Masanja, mliishi Buswelu nyuma ya mashine ya kusaga, kisha mkahamia visiwani kwenye dagaa, na bibi yako mzaa mama aliitwa Kabula, niandikie hapa chini. Kamba ya mlango uliyokuwa unaichezea ilikuwa ya kijani.

Usiniandikie jina tu. Niambie habari za bibi, niambie kama mama alibaki mkimya vile vile. Na niambie kama kuna mtu yeyote aliwahi kumpa majibu yake.